Damu yako ilionekana nyeusi kwenye kichupa, lakini sio chafu

Swali la msomaji: "Habari za kazi mtaalamu. Nilienda kupima wingi wa damu maana nachoka sana na kizunguzungu hakiishi. Waliponitoa damu mkononi nikaiangalia kwenye kichupa nikashtuka, ilikuwa nyeusi kabisa. Mwanangu wa darasa la sita anasema damu ya kwenye mishipa ni ya bluu, ikikutana na hewa ndo inageuka nyekundu, na kweli nikiangalia mkono wangu naiona mishipa ya bluu bluu. Jirani yangu nae anasema hiyo nyeusi ni damu chafu, niende nikaumikwe itoke, halafu ninywe rozela nyingi niongeze mpya. Majibu yametoka HB 10.2. Je, damu yangu ni chafu? Na rangi sahihi ya damu ni ipi?"

Dada yangu, pole sana na huo uchovu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: damu yako sio chafu. Hiyo rangi uliyoiona ndo rangi yenyewe ya damu ya kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Mimi kazi yangu ni maabara, natoa watu damu kila siku, wanene kwa wembamba, weupe kwa weusi, mgonjwa wa kuletwa amebebwa na kijana aliyekuja kupimwa afya ya kazini, wote damu ya mkononi inaingia kwenye kichupa ikiwa na hiyo hiyo rangi ya damu ya mzee, na kichupa kikishajaa mwanga haupenyi vizuri ndo mtu anaiona nyeusi. Siku nyingine ukitolewa muombe mtaalamu akiinamishe kichupa polepole, halafu uangalie pale pembeni damu inapoachia utando mwembamba kwenye ukuta wa kichupa. Utaona wekundu wazi kabisa, ni damu ile ile ila sasa imekaa nyembamba, mwanga unapita.

Sasa wekundu wenyewe unatoka wapi. Ndani ya damu kuna seli nyekundu, na kila seli moja imejaa kitu kinaitwa himoglobini, kwenye seli moja tu zipo kama milioni 270. Kila himoglobini ina sehemu 4 za kushikia oksijeni, na kila sehemu ni kama kipete cha kemikali chenye atomu moja ya chuma katikati. Hicho kipete pamoja na chuma chake ndo kinachomeza mwanga wa rangi nyingine na kuuachia mwekundu. Nasema pamoja, kwa sababu wengi wamekariri kwamba damu ni nyekundu maana ina chuma na kutu ya chuma ni nyekundu, lakini sio hivyo. Majani ya mti yana kipete kinachofanana sana na hicho, tofauti kubwa ni kwamba katikati kimeshika magnesiamu badala ya chuma, na yenyewe ni kijani. Na ukiziondoa seli nyekundu, maji yanayobaki, yaani plazma, ni ya njano njano. Hata kichupa chako kile wangekiacha kimesimama mezani bila kukitikisa kwa muda, ungekuta seli zimezama chini na juu pamebaki maji ya njano.

Himoglobini ikishika oksijeni inakuwa nyekundu ya kung'aa, ikiiachia inakuwa nyekundu iliyokolea. Ni hivyo tu, zote mbili ni nyekundu. Damu inayotoka kwenye mapafu na kusukumwa na moyo kwenda mwilini, ile ya kwenye ateri, karibu nafasi zake zote zimejaa oksijeni, kwa mtu mzima wa afya ni asilimia 95 mpaka 100. Ikishapita kwenye misuli na viungo inarudi kwa vena, na hapa ndo watu wanakosea, wanadhani inarudi tupu. Haiko tupu hata kidogo, damu inayorudi kwenye moyo ukiwa umetulia bado ina kama asilimia 70 mpaka 75. Chukulia himoglobini ni gari lenye siti 4, limetoka stendi limejaa, huko njiani kashuka abiria mmoja, linarudi na watatu. Hiyo siti moja tu iliyoachwa wazi inatosha kuibadilisha rangi mpaka mtu akashtuka kama ulivyoshtuka wewe.

Na kuna kitu kingine kinachoikoleza zaidi. Yule dada kabla hajachoma alikufunga mpira mkononi, na huenda alikwambia ukunje ngumi. Ule mpira unaizuia damu isirudi, inasimama pale, misuli inaendelea kuchukua oksijeni kwenye hiyo hiyo iliyosimama, kwa hiyo mpira ukikaa muda mrefu mshipa ukawa unatafutwa tafutwa damu inatoka nzito zaidi kwa rangi. Ukichomwa kidole kama kwenye kipimo cha malaria utaona tone linatoka jekundu zuri, na mwenye kidole ni yule yule na siku ni ile ile. Kwa hiyo mtu asije akakwambia damu ya kidoleni ndo safi ya mkononi ndo chafu.

Tuje kwa mwanao. Simlaumu, na mwalimu wake wala simlaumu, maana michoro ya vitabuni karibu yote inapaka ateri nyekundu na vena bluu ili mwanafunzi azitofautishe, na mtoto akiangalia mkono wake anaona kweli bluu, atakataaje? Ila hakuna damu ya binadamu iliyo ya bluu, iwe ndani iwe nje. Na ushahidi umeushika mwenyewe. Vile vichupa vingi vya maabara vimetolewa hewa kiwandani, ndo maana vinaivuta damu vyenyewe, damu inatoka kwenye mshipa inapita kwenye sindano inaingia kichupani haijakutana na hewa ya nje, na tone la kwanza kabisa linaingia likiwa jekundu lililokolea. Kama ingekuwa bluu mpaka iguswe na hewa ungeiona bluu pale pale. Aliyewahi kuchangia damu pia ameona, ule mpira unaokwenda kwenye mfuko umefungwa kila upande, na damu inayopita mle ni ya rangi ya damu ya mzee.

Ila hayo maneno ya hewa yana chembe ya ukweli ndani yake na ni vizuri mtoto aijue. Daktari mmoja wa Uingereza, Richard Lower, mwaka 1669 aliandika kwamba damu ya vena ikipita kwenye mapafu yenye hewa inatoka imeng'aa, na kwamba hata damu iliyokingwa kwenye chombo ule upande wa juu unaopigwa na hewa unang'aa wakati chini imebaki imekolea. Wakati huo hakuna aliyejua oksijeni ni nini, lakini jicho lake liliona sawasawa. Kwa hiyo hewa kweli inaibadilisha damu, inaitoa kwenye wekundu mzito inaipeleka kwenye wekundu wa kung'aa. Bluu haimo kwenye safari hiyo.

Sasa kwa nini mkono unaonyesha bluu, na kwa ngozi nyeusi kama yangu mara nyingi naiona kama kijani? Fanyeni hivi usiku na mwanao, zimeni taa, washa tochi ya simu halafu iziba kabisa na ncha ya kidole. Kidole kinawaka chekundu. Mwanga wa tochi una rangi zote ndani yake, lakini ulioweza kupenya nyama na damu mpaka ukatokea upande wa pili ni mwekundu. Wa bluu na wa kijani umeishia ndani. Sasa rudi kwenye mkono: mwanga mwekundu unazama chini ya ngozi, pasipo na mshipa mkubwa unagonga nyama na sehemu kubwa inarudi kwenye jicho lako, penye mshipa unakutana na damu, kiasi chake kinamezwa na kinachorudi kinapungua. Mwanga wa bluu wenyewe hauzami mbali, unarudi kutoka karibu na juu, kwa hiyo iwe pana mshipa au hapana unarudi karibu sawa. Mwaka 1996 watafiti wakiongozwa na Alwin Kienle walilipima jambo hili na wakakuta kitu kilichonifurahisha sana nilipokisoma, kwamba hata pale juu ya mshipa mwanga wa bluu unaorudi sio mwingi kuliko mwekundu, ni kwamba mwekundu umepungua ukilinganisha na ngozi ya pembeni, na ubongo ukilinganisha sehemu hizo mbili unakupa jibu la "bluu". Yaani jicho linasoma tofauti, halisomi rangi ya damu. Ndo maana mishipa midogo sana iliyo juu juu, kama ile ya kwenye weupe wa jicho, unaiona nyekundu kama ilivyo.

Na kama anataka damu ya bluu ya kweli, mwambie ipo, kaifuate baharini. Pweza, ngisi, kaa na kamba hawana himoglobini, wao wanabebea oksijeni kwa kitu chenye shaba, ikishika oksijeni inakuwa bluu na ikiiachia inakuwa haina rangi, ndo maana anayesafisha pweza pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, haoni damu nyekundu hata akimkata kata vipi. Halafu kuna samaki wa bahari ya barafu kule Antaktika ambao hawana himoglobini kabisa, damu yao ni angavu, oksijeni inayeyuka tu kwenye plazma, na wanaweza kuishi hivyo kwa sababu maji ya baridi kali yana oksijeni nyingi. Na yule mbu unayempiga ukutani akaacha alama nyekundu, ile damu ni yako.

Haya, jirani na damu chafu. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo panapoweza kukuumiza.

Uchafu wa damu, kwa maana ya taka ambazo mwili unatakiwa kuzitoa, upo kweli, kuna urea, kreatinini na vingine, na figo ndo zinashughulika navyo, figo mbili za mtu mzima zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku na karibu yote yanarudishwa ndani yakiwa yamesafishwa. Lakini hizo taka hazina rangi ya kuonekana kwenye damu. Mgonjwa ambaye figo zimekufa, anayesubiri dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), ambaye damu yake kweli imejaa taka, ukimtoa damu ukaiweka pembeni ya ya kwako huwezi kujua ipi ni ipi kwa macho. Mashine ya kupimia maabara ndo inajua. Kwa hiyo mtu anayekuangalia damu kwenye kikombe na kukwambia "unaona uchafu huu" hana anachokiona zaidi ya damu.

Na ile ya kwenye chuku au kikombe cha hijama inakuwa nyeusi na inavutika kama jeli kwa sababu zinazoeleweka. Ngozi imechanjwa, kikombe kinavuta, damu inatoka polepole inakaa pale dakika kadhaa. Damu ikitoka nje ya mshipa na kutulia inaganda, ndo kazi yake, isingekuwa hivyo ungejikata na kisu jikoni ukaishiwa damu. Ikishaganda ikarundikana inaonekana nyeusi. Mchukue mwanariadha mwenye afya kuliko wote mumuumike, litatoka bonge lile lile. Sisemi haya kumkwaza anayefanya hijama kwa imani yake, hilo ni lake na Mungu wake, ninachosema ni kwamba rangi ya kile kilichotoka haithibitishi ugonjwa wala uchafu. Na wewe dada una HB 10.2, umeshapungukiwa, halafu uende ukatolewe nyingine? Hapana, usiende. Hata angekuwa mtu mwingine ningemsisitiza wembe uwe mpya na vikombe viwe vimechemshwa, maana homa ya ini na virusi vingine vinapita hapo hapo.

Hivyo hivyo na hedhi, kwa kuwa najua wengi wanaliogopa ila hawaliulizi. Damu ya mwisho mwisho kuwa ya kahawia au nyeusi ni damu iliyochelewa kutoka, imekaa ndani, imebadilika. Peke yake sio ugonjwa na haihitaji "kusafishwa kizazi". Ikija na harufu mbaya, maumivu makali, au ikitoka nje ya siku zake, hapo nenda hospitali.

Kitu kingine, watu wamezoea kwamba damu ikiwa nyekundu ya kung'aa basi mtu ni mzima. Mojawapo ya sumu mbaya kuliko zote majumbani kwetu inaifanya damu ing'ae. Jiko la mkaa likiwashwa kwenye chumba kilichofungwa, usiku wa baridi kama kule Njombe au Mbeya, linatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania himoglobini mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Nafasi za oksijeni zinakaliwa na gesi, na himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo ni nyekundu ya kupendeza kabisa. Mtu anakufa kwa kukosa oksijeni na damu yake ni nyekundu kama ya mtoto aliyetoka kukimbia, na hata kale kamashine ka kubana kidole ka kupimia oksijeni kanaweza kuandika 98 maana kanadanganywa na rangi hiyo hiyo. Naomba sana, hata jiko likibaki na makaa yanayofifia usilale nalo ndani.

Zipo hali ambazo damu inabadilika rangi kweli, na ni chache. Kule Kentucky, Marekani, kando ya kijito kinachoitwa Troublesome Creek, kulikuwa na ukoo wa Fugate, watu wake wengine ngozi yao ilikuwa ya bluu kabisa kwa vizazi na vizazi. Walirithi hitilafu inayofanya chuma cha kwenye himoglobini kipoteze elektroni moja na kishindwe kushika oksijeni. Na damu yao haikuwa bluu, damu ya hali hiyo ni ya kahawia kama chokoleti, na tunaitambua hivyo hivyo, tunadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, damu ya kawaida ya vena ikipigwa na hewa inang'aa, hiyo inabaki na ukahawia wake. Miaka ya 1960 daktari Madison Cawein aliwapa dawa inaitwa methilini bluu, ambayo yenyewe ni ya bluu, na ndani ya dakika chache ngozi ikawa ya pinki. Hali kama hiyo inaweza pia kumpata mtu kwa baadhi ya dawa, au mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji ya kisima yenye naitreti nyingi. Na huko Vancouver, Kanada, mwaka 2005 madaktari walimtoa damu mgonjwa kabla ya upasuaji wakakuta ni kijani iliyokolea, salfa ilikuwa imeingia kwenye himoglobini, walihisi ni kwa sababu ya dawa ya kipandauso aliyokuwa anazidisha. Seli zake nyekundu zilipobadilishwa na mpya, na seli nyekundu huwa zinaishi kama siku 120 tu, ikaisha.

Kwa mzazi, rangi ya kuijua kwa macho ni moja. Oksijeni ikipungua sana mwilini wekundu uliokolea unatawala na mtu anaonekana bluu au kijivu, na kwenye ngozi zetu nyeusi usiangalie mashavu, utapoteza muda, fungua mdomo uangalie ulimi na fizi, angalia ndani ya midomo na kwenye kucha. Mtoto anayehema kwa shida na ulimi umekuwa wa kijivu au bluu hasubiri asubuhi. Na usiridhike na namba ya kile kibana kidole peke yake, utafiti uliotoka Marekani mwezi Desemba 2020 ulionyesha vinakosea mara nyingi zaidi kwa watu weusi, vinaandika oksijeni nyingi kuliko iliyopo.

Sasa HB yako, yaani gramu za himoglobini kwenye kila desilita ya damu. Kwa mwanamke asiye na ujauzito tunataka angalau 12, kwa mjamzito angalau 11, kwa hiyo 10.2 ni upungufu, sio wa kukimbizwa kuongezewa damu lakini ni wa kutibiwa, na uchovu na kizunguzungu vinaendana nao. Na hili usingeweza kuliona kwenye kichupa, mwenye 10 na mwenye 14 vichupa vyao machoni vinafanana. Liko kadi la Shirika la Afya Duniani lenye vivuli 6 vya wekundu, kuanzia 4 mpaka 14, unadondosha tone kwenye karatasi yake maalum unalinganisha, na hata hapo ni lazima mwanga uwe mzuri na usome kwa wakati unaotakiwa ndo upate makadirio. Makadirio tu.

Rozela kunywa kama unaipenda, ina vitamini C na hiyo inasaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye mboga na maharage, ila wekundu wake haugeuki kuwa damu, ni rangi ya ua tu. Bitiruti nayo ni hivyo hivyo, ukizidisha kuna watu mkojo unatoka mwekundu na wanakuja maabara mbio wakidhani ni damu. Chuma chenyewe kitafute kwenye maini (ila kama una ujauzito usizidishe maini), nyama, dagaa, maharage, majani ya kijani, na chai ya rangi au ya maziwa usiinywe pamoja na chakula, iache kama saa moja au mawili, maana inazuia chuma kufyonzwa, na sisi ndo chai na kila kitu.

Lakini chakula peke yake kwa 10.2 ni polepole mno. Rudi kwa daktari na hayo majibu, umwambie hedhi yako inachukua siku ngapi na ni nzito kiasi gani, kama unahisi una ujauzito, kama una vidonda vya tumbo, mara ya mwisho ulimeza dawa ya minyoo lini, na kama kwenu kuna mtu ana selimundu. Akikuandikia vidonge vya chuma choo kitakuwa cheusi, usiogope, ni chuma ambacho hakijafyonzwa. Ila kama choo chako ni cheusi, kinanata kama lami na kina harufu kali wakati hujameza kidonge chochote, hiyo inaweza kuwa damu inavuja tumboni, iseme siku hiyo hiyo. Kwa kawaida ukimeza vizuri kama wiki 4 kipimo kinatakiwa kiwe kimepanda gramu 1 au zaidi, kisipopanda mwambie daktari atafute sababu nyingine, na kikifika 12 usiache vidonge hapo hapo, wengi tunawaambia waendelee kama miezi 3 hivi ili akiba ya chuma mwilini nayo ijae.